Nyuzi 25 za Mlalo

Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mradi wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo, kaskazini mwa mji wa Lushoto, na mradi huo ukaja na namba yake. Mteremko unaozidi nyuzi 25, ilisema amri, usilimwe mazao ya msimu. Ulio chini ya hapo ulimwe kwa matuta yanayokingama mlima, yaliyounganishwa kwa vituta vidogo ili maji ya mvua yatuame palepale yanyweke ardhini, yasipate pa kukimbilia. Mwaka 1950 mradi ukapanuliwa kuelekea Usambara yote. Kabla miaka ya 1950 haijaisha ulikuwa umekufa, umekataliwa na wakulima wenyewe, na neno "matuta" likawa miongoni mwa maneno yaliyowaingiza watu wa milimani katika harakati za chama cha TANU za kudai uhuru. Habari hii husimuliwa kama kisa cha siasa, na ni kisa cha siasa kweli. Mwanahistoria Steven Feierman aliieleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya wakulima wanafikra wa Usambara. Lakini ndani yake mna kisa kingine ambacho hakijapewa nafasi yake, nacho ni kisa cha pembe: nani aliipima, kwa chombo gani, na alikuwa akitazama pembe ipi. Ninachodai ni kwamba mlimani Usambara kulikuwa na pembe mbili, kubwa na ndogo. Serikali iliikodolea macho ile kubwa na kuikalia peke yake kana kwamba ni siri ya ofisi. Pembe iliyoamua kama udongo utabaki au utaondoka ilikuwa ile ndogo, na hiyo Wasambaa, wenyeji wa milima hiyo, walikuwa wameizoea muda mrefu kabla bwana shamba wa kwanza hajapanda mlima.

Tuanze na ile kubwa, maana hata nayo haina budi kutendewa haki. Pembe ni kiasi cha mgeuko kati ya mistari miwili inayokutana. Kuugawa mzunguko mzima katika nyuzi 360 ni urithi wa wanajimu wa Babeli waliohesabu kwa sitini, na sisi tumeupokea kupitia mikono mingi hadi ukafika kwenye kile kipande cha nusu duara kilichomo katika mkebe wa hisabati wa mtoto wa shule. Nyuzi 25 ni mteremko wa namna gani? Ukienda mita 100 kwa usawa, mlima unakuwa umepanda kiasi cha mita 47. Mtu anaupanda kwa miguu, ila kwa kuinama na kupumzika; jembe linalimika, ila bonge la udongo likiachiwa huviringika lenyewe. Hapa pana mtego ambao hata wasomi hujikwaa: nyuzi 25 si asilimia 25. Asilimia 25 ni mita 25 za kupanda katika mita 100 za usawa, na hiyo ni nyuzi 14 tu. Asilimia 100, ambayo masikioni husikika kama ukuta uliosimama wima, ni nyuzi 45. Mtego wa pili ni jicho. Wanasaikolojia waliolichunguza jambo hili wamekuta kwamba watu huukadiria mwinuko kupita kiasi: kilima cha nyuzi 5 mtu hukitaja kuwa cha nyuzi 20. Kwa hiyo katika nchi ya milima, mstari wa nyuzi 25 hauwezi kuonekana kwa macho, si kwa macho ya mkulima wala ya afisa. Bila chombo, kila mmoja anabishana na hisia zake.

Je, kabla ya chombo hicho Wasambaa walikuwa gizani? Ndivyo walivyodhani wengi walioandika ripoti za kikoloni: kwamba mkulima wa milimani alilima popote jembe lilipofika, asijali mteremko. Ushahidi wa kilimo chenyewe unasema vingine. Nchi yao ya juu waliiita Shambaai na tambarare ya chini nyika, na familia iliyojiweza ilitafuta kuwa na mashamba katika hali tofauti, ili ukame ukipiga huku, kule kubaki na chakula. Zao kuu la Shambaai ya zamani lilikuwa mgomba. Mgomba haufanyi ardhi ilale uchi kila mwaka ikingoja mvua; majani yake hulivunja nguvu tone la mvua, mabua yake hulala chini, mizizi yake hukaa. Shamba la nyuzi 30 lililofunikwa na migomba na miti laweza kupoteza udongo kidogo kuliko shamba la nyuzi 10 lililolimwa mahindi na kuachwa wazi mvua za kwanza zilipoanguka. Mmomonyoko uliowatia Waingereza hofu katika miaka ya 1930 na 1940 haukuletwa na watu kugundua ghafla miteremko mikali. Waliishi juu yake tangu zamani. Uliletwa na mahindi na mihogo kuchukua nafasi ya migomba, na ardhi kubanwa na misitu iliyohifadhiwa na mashamba ya walowezi, hata konde lililokuwa likipumzishwa likakosa mapumziko.

Zaidi ya hayo, palikuwa na mfereji. Umwagiliaji kwa mifereji umekuwako Usambara Magharibi tangu kabla ya ukoloni, kama ulivyokuwako Upare na Uchagga, na mfereji wa mlimani ni shule ya pembe isiyo na mwalimu mkali kuliko maji yenyewe. Maji hutolewa kwenye kijito, huzungushwa ubavuni mwa mlima, yakaletwa hadi kwenye konde lililo mbali na kijito. Ukiuinamisha mfereji kupita kiasi, maji yanapata kasi, yanachimba sakafu na kubomoa kingo. Ukiuinua kidogo tu, yanasimama. Mfereji wenye kushuka mita moja katika kila mita 500 una mwinamo wa takriban sehemu moja ya kumi ya uzi mmoja. Hakuna kipimapembe cha shuleni kinachoweza kuonyesha pembe ndogo kiasi hicho. Mistari yake haifiki huko. Aliyeuchimba mfereji aliipata kwa kuyafuata maji hatua kwa hatua, akiyaachia kidogo, akiyatazama yanavyosita au yanavyokimbia, akirekebisha kwa jembe. Sisemi kwamba alikuwa na elimu ya pembe kama ile ya darasani. Hakuwa na namba, na kukosa namba ni upungufu wa kweli: ujuzi usio na namba hukaa mkononi mwa mwenyewe, haubebeki kwenda kwa jirani wa bonde jingine, wala hausomeki mbele ya baraza la hukumu. Lakini mtu anayeweza kuuchora mstari wa karibu usawa ubavuni mwa mlima kwa urefu wa mamia ya mita hawezi kuitwa mtu asiyejua mteremko.

Namba zenyewe zilipanda mlimani pamoja na Wajerumani, na zilipanda kwa kazi zao. Oscar Baumann alipita Usambara mwishoni mwa miaka ya 1880 na mwaka 1890 akiwa na vyombo vya kupimia, na mwaka uliofuata kitabu chake juu ya Usambara na nchi jirani kikachapishwa. Ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893. Ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Tazama ramani uone inapopita: chini, nyikani, ikiuambaa mlima kwa upande mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Sababu ni pembe. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mshiko wa kupanda mwinuko mkali, hivyo mlima ukaachwa juu na mji wa Wilhelmstal, ambao leo ni Lushoto, ukaunganishwa na stesheni ya Mombo kwa barabara. Barabara hiyo ni somo la jiometri kwa mwenye kuitazama vizuri. Lushoto iko juu ya Mombo kwa karibu mita 1,000, na safari ni ya kilomita 33 hivi, kwa hiyo kwa wastani barabara hupanda mita 3 katika kila mita 100, yaani pungufu ya nyuzi 2. Mlima ule ule unaoonekana kutoka Irente, karibu na Lushoto, ukiwa umekatika kama gema, barabara imeupanda kwa kuufuata mto na kujikunja, ikiubadilisha ukali kuwa urefu. Kwingine Wajerumani hawakujikunja. Kampuni ya Wilkins na Wiese ilitaka mierezi ya Shume, na kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza kampuni ya Adolf Bleichert ya Leipzig iliijengea njia ya kamba za chuma iliyoshuka kutoka msituni hadi Mkumbara kwenye reli, magogo yakining'inia juu ya makorongo. Reli, barabara, kamba, mipaka ya mashamba ya walowezi, mipaka ya misitu ya serikali: yote yalipimwa kwa nyuzi. Kwa miaka zaidi ya hamsini pembe ilikuwa ikifanya kazi Usambara bila kufundishwa kwa watu wa Usambara, na kila ilipoonekana ikipimwa, baada yake kulikuja kigingi cha mpaka.

Hii ndiyo hali iliyokuwapo mradi wa Mlalo ulipoanza, na ni lazima tuikumbuke tunapouliza kwa nini namba 25 ilipokelewa vibaya. Mkulima aliyemwona bwana shamba akisimama ubavuni mwa konde lake na kutazama kupitia chombo alikuwa na sababu ya kudhani kwamba ardhi inapimwa ili ichukuliwe. Hofu hiyo ilisemwa waziwazi wakati ule. Na kwa namna fulani haikuwa ndoto, maana kutangaza kwamba ardhi inayozidi nyuzi 25 isilimwe ni kumnyang'anya mtu matumizi ya shamba lake hata kama jina lake halijafutwa. Katika bonde kama la Mlalo, ambako wapo wenye makonde tambarare kando ya kijito na wapo wenye ubavu wa mlima peke yake, mstari mmoja wa nyuzi uliwagawa watu kwa bahati ya urithi wao. Tajiri alipoteza kona ya shamba, maskini alipoteza chakula. Waliobaki chini ya mstari nao wakabebeshwa kazi ya matuta, kazi nzito ya jembe la mkono ambayo kwa sehemu kubwa iliwaangukia wanawake, ikirudiwa msimu hadi msimu. Machifu wakapewa jukumu la kuwaadhibu wasiotii katika mahakama zao. Kwa Wasambaa jambo hili lilikuwa na uchungu wa pekee. Wajibu wa mtawala wa Kikilindi, ukoo wa watawala wao, kwa lugha yao ulikuwa kuzifya shi, kuiponya nchi: kuleta mvua, kuzuia njaa, kuunganisha watu. Kinyume chake ni kubana shi, kuidhuru nchi. Mtawala anayemtoza faini mwanamke mzee kwa kukosa nguvu za kuinua matuta alionekana amevuka kutoka upande wa kwanza kwenda wa pili.

Msomaji makini atanizuia hapa. Atasema: kama mzigo ulikuwa kazi, faini na hofu ya kunyang'anywa, pembe imeingiaje? Hata kila mkulima wa Mlalo angekuwa na kipimapembe mfukoni, matuta yangekataliwa vilevile. Nakubali nusu. Uluguru mwaka 1955 watu waliukataa mradi wa matuta ya ngazi, na huko Matombo mtu akauawa katika ghasia za mwezi Julai. Sababu zilikuwa zilezile za kazi na amri, na hakuna aliyekuwa akigombea nyuzi. Lakini nusu ya pili siiachi. Amri yenye namba ni tofauti na amri isiyo na namba, kwa sababu namba inaweza kukaguliwa. Mtu akiambiwa "shamba lako ni baya" hana jibu. Akiambiwa "shamba lako linazidi nyuzi 25" jibu linawezekana: tupime, huenda ni 22. Namba humpa mtawaliwa mlango wa kuingilia katika hoja, ila mlango huo una ufunguo, na ufunguo ni kujua kupima. Katika Tanganyika ya miaka ya 1940 shule zilikuwa chache, na waliofika madarasa ambako jiometri hufundishwa walikuwa wachache zaidi. Hivyo serikali ilitunga sheria inayojidai kuwa ya kisayansi katika nchi ambayo yenyewe haikuwa imeifundisha sayansi hiyo, na neno la mwenye chombo likabaki neno la mwisho. Hilo halikuanzisha upinzani peke yake, lakini liliondoa njia pekee ambayo upinzani ungeweza kugeuka kuwa mazungumzo.

Kisha kuna suala zito kuliko haki, nalo ni kama matuta yenyewe yalifanya kazi. Hapa ndipo pembe ndogo inapoingia. Tuta linalokingama mlima huzuia maji kwa sharti moja: liwe sawa kabisa kutoka mwanzo hadi mwisho. Chukua tuta la urefu wa mita 20 lililoinama uzi mmoja tu. Ncha yake moja itakuwa chini ya nyingine kwa sentimita 35. Likiinama nyuzi 2, tofauti ni sentimita 70, na hakuna tuta la jembe la mkono lenye kina cha sentimita 70. Maji ya mvua kubwa hayatatulia. Yatakimbilia ncha ya chini, yatajaa, yatafurika na kulibomoa tuta mahali pamoja, kisha yataangukia tuta la chini yake yakiwa na nguvu ya matuta mawili, na la tatu yakiwa na nguvu ya matatu. Shamba lisilo na tuta huchubuliwa kidogokidogo kila mahali. Shamba lenye matuta yaliyokosea kwa uzi mmoja au miwili hupasuliwa korongo. Vituta vya kuunganisha viliwekwa kupunguza hatari hiyo, navyo vilisaidia mahali pa mteremko mpole; penye mteremko mkali, kituta kimoja kikikatika vilivyobaki hufuata. Malalamiko ya wakulima kwamba matuta yaliiharibu ardhi yao yalionekana kwa maofisa kuwa visingizio vya uvivu. Kwa hesabu hii ya sentimita, yalikuwa na msingi. Mtu aliyelazimishwa kuinua matuta kwa haraka, kwa jicho, bila chombo cha kupatia usawa na huku akiogopa faini, alikuwa na uwezekano mkubwa wa kukosea uzi mmoja kuliko kupatia.

Na huu ndio msiba wa habari yote. Katika milima ileile walikuwako watu waliojua kuuchora mstari wa usawa kwa kuyafuata maji. Mradi ungeweza kuanza nao. Ungeweza kumwuliza mchimba mfereji: ukitaka maji yasimame badala ya kutembea, mstari wako ungeupitisha wapi? Badala yake namba iliyopewa uzito katika amri ilikuwa ile ya mteremko, pembe kubwa, ambayo mwenye chombo anaweza kuipima akiwa barabarani au ng'ambo ya bonde. Usawa wa tuta, ambao lazima mtu ainame shambani kuupima, ukaachiwa bahati. Nadhani sababu ni ya kiutawala. Pembe kubwa inafaa kwa mkaguzi: inagawanya nchi katika inayoruhusiwa na isiyoruhusiwa. Pembe ndogo haina faida kwa mkaguzi. Inamfaa mwenye shamba peke yake.

Baada ya uhuru mlima ulikaa miaka mingi bila mtu kuthubutu kulitaja tuta. Rais Nyerere alipotoa sera ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 na shule kupewa mashamba, palikuwa na nafasi nzuri ya kuikutanisha jiometri ya darasani na ubavu wa mlima nje ya dirisha, hasa kwa kuwa hisabati ya shule ya msingi sasa ilifundishwa kwa Kiswahili. Kiswahili chenyewe kilikuwa tayari kwa kazi hiyo: kilikuwa na pembe, mraba, bikari na timazi, maneno ambayo mafundi wa pwani walikuwa wakiyatumia karne na karne. Hata hivyo kipimapembe kilibaki chombo cha kupimia pembe zilizochorwa kwenye daftari. Mtoto wa Lushoto, anayepanda mteremko wa nyuzi 20 kwenda shule na kuushuka kurudi, alifundishwa kupima pembetatu ya ukurasa wa kitabu sawasawa na mtoto wa Shinyanga kwenye tambarare.

Mabadiliko yalikuja kwa mlango mwingine. Mwaka 1981 ulianza mradi wa SECAP, wa kuzuia mmomonyoko na kuchanganya miti na mazao, uliosaidiwa na Ujerumani Magharibi. Makosa ya Mlalo yalikuwa yanajulikana, na SECAP haikuja na matuta. Ilikuja na mistari ya majani ya Guatemala yaliyopandwa kukingama mlima, pamoja na miti na malisho ya kukatia ng'ombe wa zizini, ili mstari uwe na faida ya kulisha mfugo hata kabla haujaonyesha faida ya kushika udongo. Na mstari huo ulihitaji kupimwa usawa. Vyombo vya kazi ya namna hiyo ni viwili, vyote vya bei ndogo: kamba yenye pima maji katikati, inayovutwa kati ya fito mbili zenye urefu sawa, na fremu ya umbo la herufi A. Fremu hii inastahili kuelezwa polepole, kwa sababu ndiyo kipimapembe cha kweli cha mkulima wa mlimani. Unachukua fito mbili sawa, unazifunga juu, unazitanua miguu, unaweka ufito wa tatu kukingama katikati, kisha unaning'iniza uzi wenye jiwe kutoka kileleni. Unaisimamisha juu ya vigingi viwili, unaweka alama pale uzi unapougusa ufito wa kati. Halafu unaigeuza, mguu wa kulia ukae palipokuwa pa kushoto, unaweka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Fito zako hata kama zimepinda, hata kama mguu mmoja ni mfupi kidogo, kule kugeuza kunalifuta kosa, kwa sababu kosa lililokuvutia kulia mara ya kwanza linakuvutia kushoto mara ya pili kwa kiasi kilekile. Chombo kinajirekebisha chenyewe, hakitoki dukani, hakimngojei afisa, na jirani asiyeamini anaweza kukigeuza mwenyewe akaona.

Pingamizi moja ni halali hapa: fremu hiyo haipimi pembe, inapima usawa, haitaji nyuzi zozote. Kweli, kwa maana ya daftari. Ila usawa ni pembe kama nyingine, pembe ya sufuri, na uzi ukihama kutoka alama ya katikati unakuwa umesema wazi kwamba pembe si sufuri tena na mstari unaelekea wapi. Tena mwenye fremu bado anaihitaji ile pembe kubwa, kwa kazi tofauti na ile ya mwaka 1946. Anaihitaji ajue mistari yake iachane kwa umbali gani. Akitaka kila mstari ushuke mita moja na nusu chini ya uliotangulia, kwenye mteremko wa nyuzi 10 atapima mita 8 na nusu hivi juu ya ardhi kabla ya kuweka mstari wa pili; kwenye nyuzi 25 ni mita 3 na nusu tu. Tofauti hiyo ndiyo inayomwambia atapoteza nafasi kiasi gani ya kupandia, atahitaji vipando vingapi vya majani, na kama kazi italipa. Mtu mwenye hesabu hiyo mkononi anaweza kuamua mwenyewe kwamba kipande kile cha juu kabisa ni bora kiwe miti. Huo ndio uamuzi ambao amri ya Mlalo ilitaka kumtolea. Wala sitaki kuipamba SECAP: si kila shamba lililopata mstari, kazi ilibaki nzito, na mtu anayelima ardhi ya kukodi hana sababu ya kuwekeza katika mstari utakaomfaa mwenye ardhi. Lakini mistari iliyowekwa kwa hiari, na ngazi zilizojijenga zenyewe nyuma ya majani kadiri udongo ulivyokuwa ukikwama, ni jambo ambalo mradi wa kwanza haukulipata kwa faini zake zote.

Pembe kubwa nayo haijaondoka katika sheria. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, katika kifungu cha 7, inataja ardhi ya hatari, na pamoja na mikoko, maeneo ya majimaji na kingo za mito ndani ya mita 60, inaitaja ardhi yenye mteremko unaozidi pembe itakayowekwa na waziri baada ya kupata ushauri wa kitaalamu. Tofauti na amri ya 1946, sheria yenyewe haikutaja namba. Naona hekima katika hilo, kwa sababu, kama migomba ilivyotuonyesha, mteremko pekee hautoshi kuhukumu shamba. Kinachofunika udongo kina uzito uleule. Lakini siku namba hiyo itakapotajwa kwa eneo lolote, itakuwa tena mstari unaowagawa watu, na shauri litafika mahakamani. Lushoto ndiko kuliko na Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kinachowafundisha watu wa kufanya kazi katika mahakama za nchi nzima, na shamba la mfano la kila nyuzi liko mbele ya lango lake. Ingefaa hakimu anayetoka pale ajue kwamba nyuzi 25 na asilimia 25 ni milima miwili tofauti.

Wapo watakaosema mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa simu janja ina kipimo cha mwinuko ndani yake, ukiilaza mlimani inakupa namba. Ni chombo kizuri na kitumike. Hata hivyo simu hutoa jibu bila kuonyesha lilikotoka, na mtu asiyejua jibu limetoka wapi hawezi kulitetea likibishiwa; amerudi palepale alipokuwa mkulima wa Mlalo mbele ya mwenye chombo. Kipimapembe cha mkebe, kwa shilingi chache, kinaonyesha kila kitu. Kosa linalowasumbua wanafunzi wengi ni kwamba kina mistari miwili ya namba, mmoja ukianzia kulia na mwingine kushoto, wakasoma 150 mahali pa 30. Darasani kosa hilo husahihishwa kwa kalamu nyekundu. Mlimani linajisahihisha lenyewe. Mwanafunzi akigeuze kipimapembe, upande ulionyooka uwe juu. Atoboe tundu pale katikati, apitishe uzi wenye kokoto. Mwenzake mwenye kimo sawa naye asimame juu kabisa ya shamba, yeye asimame chini, atazame macho ya mwenzake kwa kuufuata ule upande ulionyooka. Palipo tambarare uzi hulala juu ya 90. Mlima unapoinuka uzi unabaki wima, kipimapembe ndicho kinachoinama nyuma yake, na namba inahama. Iwe anasoma mstari wa ndani au wa nje, hesabu ni moja: ni nyuzi ngapi kutoka 90. Uzi ukitulia kwenye 65, au 115 kwa upande wa pili, shamba la nyumbani kwao lina nyuzi 25.